Cheti cha Bitutu wa Kwanza

"Kumi na minne!" Mokeira alisema. "Kumi na minne, shemeji. Nilimzaa mimi, si wewe."

"Kumi na minane," Manasseh alijibu bila kupandisha sauti, kama mwalimu anayemngoja mtoto mzito amalize kujumlisha.

"Umelewa?"

Ochoki, mumewe Mokeira, akakohoa kwa hofu. Manasseh alikuwa kaka yake mkubwa, mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa la Wasabato, na tangu azaliwe hakuwahi kuonja pombe. Mke wa mdogo wake hakutakiwa hata kumkodolea macho, sembuse kumwuliza swali kama hilo. Wagusii wanayo heshima yao ya kuoneana haya, wanaiita chinsoni. Baba hazungumzi mambo ya mwili na bintiye. Mwanamke hayataji mbele ya shemeji yake mkubwa. Kwa siku tano sasa chinsoni ilikuwa imetandazwa juu ya jambo hili lote kama blanketi, na watu wote wa boma walikuwa wamejifunika nayo, isipokuwa Mokeira na mtoto mwenyewe.

Ilikuwa Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Mezani palikuwa na thamosi ya chai ambayo hakuna aliyeifungua, na kando yake ungo wa mboga, nusu zimechambuliwa, nusu bado. Jua likizama Sabato ingeingia, na Manasseh alikuwa amekuja mapema makusudi ili jambo limalizwe, watu waoge, waingie kwenye ibada ya jioni na mioyo safi.

"Tumekaa kama ukoo," alisema. "Machogu amekubali kwamba amekosa. Mtu akikubali kosa anasikizwa. Atatoa ng'ombe wa gredi, wa maziwa, ana mimba ya miezi mitano. Mtoto atalipiwa karo mpaka chuo. Hapa kwenu Machogu hatakanyaga tena. Sasa wewe unataka nini zaidi ya hayo?"

"Nataka afungwe."

"Ana mke na watoto wanne."

"Na mimi nina mtoto wa gredi ya nane ambaye hajatoka nje tangu juzi. Huyo ng'ombe atamfundisha hisabati?"

"Mama Bitutu, punguza sauti. Kuna mambo hayasemwi hivi mbele ya—"

"Hayasemwi lakini yanafanywa! Mtoto amenajisiwa, shemeji. Haya, nimelitaja. Tazama juu, paa bado lipo."

Ochoki aliinamisha kichwa akaziangalia gambuti zake, ambazo bado zilikuwa na matope ya shamba la chai. Alikuwa mtu mpole, na Mokeira aliwahi kumpenda kwa upole huo. Wiki hii upole ule ulikuwa umeanza kumtia kichefuchefu.

Mambo yalikuwa hivi. Alhamisi ya wiki iliyotangulia Mokeira mwenyewe alimtuma bintiye Valentine, ambaye nyumbani walimwita Bitutu, aende Kebirigo kwenye saibu ya Machogu, kiduka cha kompyuta na intaneti, akachapishe picha za kazi ya shule. Machogu alikuwa binamu ya Ochoki, na watoto wote wa ukoo walichapisha kwake bila kupanga foleni. Valentine alirudi bila picha. Aliingia kitandani na sare yake, akasema anaumwa na kichwa. Jumapili ndipo alipomwambia mama yake, akiwa amegeukia ukuta, maneno machache, moja moja.

Mokeira hakulia mbele yake. Alimpeleka hospitali Nyamira, akasimama juu ya kila fomu mpaka ikapigwa mhuri, kisha akaenda kituo cha polisi na kuinakili nambari ya OB, kitabu cha matukio, katika sehemu mbili, daftarini na nyuma ya kalenda. Jumatatu Machogu alikamatwa. Jumatano alitoka kwa dhamana ya polisi, na jioni hiyo alionekana akinunua mkate. Afisa wa dawati la jinsia, Koplo Sheryl Akong'o, alimpa Ochoki kazi moja tu: Jumatatu ijayo alete cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Msichana akiwa na miaka kumi na minne, sheria inamtaka aliyemnajisi afungwe miaka isiyopungua ishirini, na hakuna cha eti alikubali. Lakini umri lazima uthibitishwe.

"Kila siku redioni wanasema watakaza sheria za kulinda watoto," Manasseh alisema sasa, akiingiza mkono ndani ya koti. "Wakaze. Mimi sipingi. Ila sheria ya Nairobi hula karatasi, haili maneno ya mama. Na karatasi ndiyo hii."

Aliitoa kwenye mfuko wa plastiki, akaikunjua mikunjo minne, akaiweka juu ya meza na kuishikilia kwa vidole viwili.

Mokeira aliitambua kabla ya kuisoma. Kwenye pembe ya chini kulikuwa na doa la rangi ya uji. Aliujua uji ule. Alikuwa anampikia mtoto siku Ochoki alipokileta cheti kutoka ofisi za wilaya, akakishika kwa mkono wenye mwiko, kwa furaha.

Valentine Bitutu Ochoki. Msichana. Tarehe kumi na nne Februari, elfu mbili na saba.

Nje, mama mkwe alikuwa akikoleza moto wa maharagwe ya Sabato jikoni, na moshi wake uliingia dirishani.

"Hiki ni cha Bitutu," Mokeira alisema.

"Ndivyo kilivyoandikwa," Manasseh alisema.

"Ni cha Bitutu wa kwanza."

Manasseh alikunja karatasi, mara moja, mara mbili, mara tatu, mara nne.

Huyo Bitutu wa kwanza alizaliwa siku ya Valentine, ndiyo maana akaitwa hivyo. Alikuwa mnene, mwenye kelele, akipenda kuvuta masikio ya watu. Alipofika miezi minane homa ya mapafu ilimshika Ijumaa, na Jumapili alfajiri akafia mgongoni mwa Mokeira njiani kwenda hospitali, kabla hawajaifikia lami. Waligeuka wakarudi naye. Alizikwa siku hiyo hiyo nyuma ya migomba. Hakuna aliyekwenda kwa naibu wa chifu. Kwa mtoto wa miezi minane watu hawakuandika, walizika tu na kunyamaza. Mama mkwe alikusanya nguo zake, kofia yake na cheti chake, akavifungia ndani ya sanduku lake la chuma ili Mokeira asivione.

Kwa miaka minne majirani hawakujua wamwite nani. Alikuwa Mama Bitutu, na Bitutu hayupo. Wengine walimwita tu "wewe." Alipozaa tena, mwezi wa nane mwaka wa elfu mbili na kumi na moja, mama mkwe alimpokea mtoto, akamtazama, akasema jina lirudishwe. Lote, bila kupunguza neno. Hivyo ndivyo watu wa huku wanavyowarudisha wao waliotangulia, na Mokeira alikubali. Alifurahi hata, kwa sababu watu walianza tena kumwita Mama Bitutu na sauti zao hazikujikwaa.

Kosa lilikuwa moja, na lilikuwa lake. Mokeira ana diploma ya usimamizi wa rekodi. Ni karani wa rekodi katika zahanati, na siku nzima kazi yake ni kuandika watoto wa watu: jina, jinsia, tarehe, uzito. Anawafokea akina mama wanaochelewa kuchukua vyeti. Lakini bintiye mwenyewe alikuwa na kijitabu cha kliniki tu. Kumwombea cheti kungemlazimu kueleza kwa nini kuna mtoto mwingine wa jina hilo hilo, baba huyo huyo, mama huyo huyo. Angeulizwa, "Huyu wa kwanza yuko wapi?" Naye angetakiwa kujaza fomu. Kila mwaka alijiambia mwaka ujao. Shule ilipouliza alipeleka nakala ya kijitabu cha kliniki, nao wakampokea, kwa kuwa alijulikana.

Kwa hiyo kwenye madaftari ya serikali Bitutu wa kwanza hakuwahi kufa. Alikuwa hai, na mwezi wa pili mwaka huu alikuwa ametimiza miaka kumi na minane.

Mokeira alimgeukia mumewe.

"Ulijua?"

"Kaka aliniambia jana," Ochoki alisema.

"Alikuambia ni cheti cha nani?"

Ochoki alifuta matope ya gambuti moja kwa nyingine. "Jina ni lile lile," alisema.

Mokeira alikuwa amejiandaa kwa mambo mengi katika ndoa hii, lakini si kwa hilo. Alimwangalia mwanamume aliyelichimba lile kaburi kwa jembe lake mwenyewe, akikataa kusaidiwa, akilia na kamasi zikimtoka.

Mlango wa nyuma ulifunguliwa. Mama mkwe wake, Nyanchama, aliingia akifuta mikono kwa kanga. Alikuwa na miaka sabini na mitano, mfupi, na masikio yake yalisikia aliyotaka tu. Safari hii yalikuwa yamesikia.

"Manasseh," alisema. "Hiyo karatasi si niliyokupa juzi?"

"Mama, rudi jikoni. Haya ni ya wanaume."

"Mokeira ni mwanaume?" Alisogea mpaka kwenye meza. "Uliniambia ni ya mtihani. Ulisema mwalimu anaitaka mtoto aandikishwe mtihani. Nikafungua sanduku. Nikatoa na kofia yake nikailia. Ulinikuta nalia, ukanishika bega."

"Mama—"

"Ukanishika bega, Manasseh! Kumbe unaenda kumwokoa nani?"

Kwa mara ya kwanza sauti ya Manasseh ilipanda. "Naokoa jina la baba yetu! Naokoa ukoo! Machogu akifungwa miaka ishirini, ile nyumba itasimama? Watoto wake watakula nini? Na huyu wetu ataolewa na nani, na kila mtu kuanzia hapa mpaka Marani ameshasikia? Kotini atasimamishwa mbele ya watu, aulizwe hiki na kile. Mnalitaka hilo? Akiwa na kumi na minane, kesi inalegea, inakwisha polepole, hakuna anayeaibika. Mimi nampenda mtoto kuliko ninyi mnaopiga kelele."

"Akiwa na kumi na minane," Mokeira alisema, "wakili wa Machogu atasimama aseme walikuwa wapenzi. Hiyo ndiyo kazi ya hii karatasi yako. Unataka mtoto wa gredi ya nane aitwe mpenzi wa mtu mwenye mvi ndevuni. Hapo ndipo hakuna aibu?"

Manasseh alipumua. Aliirudisha karatasi kwenye mfuko wa plastiki, na mfuko akauingiza kotini, upande wa moyo. Alipozungumza tena, alikuwa amerudia sauti yake ya kanisani.

"Shemeji, wewe ni mtu wa ofisi. Fikiria kama mtu wa ofisi. Ukiipinga hii karatasi utalazimika kusema kwamba mtoto alikufa na hukuripoti. Miaka kumi na minane. Wewe, karani wa rekodi. Na wa pili hukumwandikisha. Wakubwa wako wakisikia? Utakuwa umeenda kumshtaki Machogu ukajishtaki mwenyewe. Kesho ni Sabato. Tuombe. Jumapili tukae tena tukiwa na vichwa vilivyopoa. Jumatatu Ochoki atapeleka cheti, na jambo litakwisha."

Alijua kuzungumza, hilo huwezi kumnyima. Kwa kitambo kidogo Mokeira aliiona ofisi yake: dirisha la vioo vitatu, mafaili aliyoyapanga kwa rangi, kikombe chake. Aliiona barua ya kuitwa kujieleza. Aliona pia siku mbili za kuomba na kukaa na kupoza vichwa, wazee wakiingia na kutoka, kila mmoja na neno lake la upole, mpaka Jumatatu asubuhi ambapo angekuwa amechoka kiasi cha kukubali lolote. Hiyo ndiyo iliyokuwa dawa yao. Hawakuhitaji kumshinda. Walihitaji tu alale kwanza, mara mbili.

Pazia la chumba cha ndani lilitikisika. Valentine alisimama pale, peku, amejifunga shuka mabegani ingawa hakukuwa na baridi. Alikuwa mrefu kwa umri wake. Watu walikuwa wakimsifu kwa urefu huo, na sasa Mokeira aliona jinsi urefu ule ungeletwa kotini kama ushahidi.

"Mama," mtoto alisema, "mimi ni yupi?"

Hawakuwa wamewahi kumwambia. Kaburi nyuma ya migomba lilikuwa limeshasawazika na ardhi, na yeye alikulia akichezea pale.

"Njoo," Mokeira alisema. Alimkalisha kwenye mkono wa kiti. "Wewe ni wa pili. Kulikuwa na dada yako mbele, akafa kabla hajatembea. Tulikupa jina lake kwa sababu tulimpenda. Nilitakiwa kukuambia. Nilitakiwa kufanya mambo mengi. Una miaka kumi na minne, unasikia? Hakuna anayekuongeza hata siku moja."

Valentine alimtazama baba yake mkubwa. Kisha akasema, bila hasira, kama anayemjibu mwalimu, "Machogu alisema nikiongea, Baba Mkubwa atakuwa upande wake."

Manasseh alikifunga kifungo cha koti lake.

Mokeira alisimama.

"Vaa viatu," alimwambia mtoto. "Na sweta la shule, lile lenye nembo."

"Mnaenda wapi?" Ochoki aliuliza.

"Polisi."

"Saa hizi?" Manasseh alichungulia dirishani. Jua lilikuwa limeshuka mpaka kwenye mikaratusi ya upande wa pili wa bonde. "Mama Bitutu, Sabato inaingia. Na cheti hutakipata. Hapa hakitoki."

"Kaa nacho, shemeji. Kiweke hapo hapo karibu na moyo, kipate joto." Mokeira alikuwa ameshafungua kabati, anatoa kijitabu cha kliniki, fomu ya hospitali na daftari lake, anavitia ndani ya mkoba wa kazini. "Sikihitaji. Wewe umemfufua mtoto wangu bila kuniuliza. Mimi naenda kumzika tena, na safari hii nitamzika kwenye karatasi."

"Utapoteza kazi!"

"Nitalima."

"Ochoki! Huyu ni mkeo. Mwambie kitu!"

Ochoki aliinuka nusu, akabaki hivyo, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyesahau alichoinukia. "Mama Bitutu," alisema. "Na mimi je?"

"Ulikuwepo tulipomzika," Mokeira alisema. "Ukikumbuka, njia ya kituoni unaijua."

Walikuwa wamefika kwenye mlango wa boma waliposikia mtu akiwaita wasimame. Alikuwa Nyanchama. Katika muda ule mfupi alikuwa amevaa viatu vyake vyeusi vya kanisani na kitambaa cheupe cha akina mama wa Dorkasi kichwani. Kwapani alikuwa na mwavuli. Maharagwe alikuwa ameyaacha motoni.

"Mama, ni mbali," Mokeira alisema. "Na Sabato hii."

"Nani alimwosha yule mtoto?" Nyanchama aliuliza. "Wewe ulikuwa umezimia. Mimi nilimwosha. Kama wanataka mtu aliyeona, ni mimi. Twende, kabla miguu yangu haijabadilisha mawazo."

Walishuka kwa njia ya miguu katikati ya michai, watu watatu, nyanya mbele na mwavuli wake. Wanawake waliokuwa wakirudi kutoka kituo cha kuuzia majani waliwapisha na kuwasalimu, na mmoja aliuliza kwa utani kama ibada imehamia barabarani. "Imehamia polisi," Nyanchama alimjibu bila kusimama, na kicheko cha yule mwanamke kikakatika katikati. Valentine alitembea akiangalia chini. Walipoipita saibu ya Machogu, ambayo ilikuwa imefungwa kwa kufuli mbili, Mokeira alihamia upande wa barabara uliokuwa karibu nayo, mtoto akabaki katikati yake na nyanya. Nyuma yao jua lilizama. Nyanchama aligeuka kulitazama mara moja, akaguna, akaendelea.

Koplo Akong'o alikuwa akifunga droo, mkoba begani, tayari kwenda nyumbani. Alikuwa mtu wa upande wa ziwa, mrefu, asiyependa mzunguko. Alipowaona aliuweka mkoba chini.

"Mama Valentine. Si nilisema Jumatatu? Na ninyi si kesho kanisa?"

"Jumatatu utaletewa cheti kinachosema mtoto ana miaka kumi na minane," Mokeira alisema.

"Nimeshapigiwa simu kuhusu kesi hii." Akong'o aliketi. "Leo mchana. Mzee mmoja mwenye sauti nzuri sana. Akaniambia familia imesamehe, nifunge faili. Nikamwambia hii si kesi ya familia tena, ni kesi ya serikali, hata mkisamehe ukoo mzima mkisimama kwenye mstari mimi sina ruhusa ya kuifunga. Akanicheka. Sasa nimejua kwa nini alicheka." Alivuta daftari. "Cheti ni cha kughushi?"

"Ni cha kweli. Ni cha mtoto wangu mwingine. Alikufa."

Mokeira alieleza kila kitu kwa mpangilio, kama anavyoeleza faili: tarehe, mahali, nani alikuwepo, nani aliweka karatasi wapi, nani aliitoa na kwa uongo gani. Aliweka kijitabu cha kliniki mezani, akaufungua ukurasa wa chanjo ya kwanza. Koplo aliusoma ukurasa wote, pamoja na uzito.

"Daktari wa meno pia atampima umri," Akong'o alisema. "Lakini hicho cheti kikifika kotini bila mtu wa kukijibu, wakili atakishikilia kama roho yake. Lazima kuwe na taarifa ya mtu anayejua, iingie kwenye faili kabla chenyewe hakijafika." Alisita. "Mama, unaelewa itasomeka vipi? Kifo hakikuripotiwa. Mtoto wa pili hakuandikishwa. Na kazi yako ninaijua. Watakuuliza."

"Waniulize."

"Unaweza kulala kwanza, ulifikirie, urudi—"

"Hapana," Mokeira alisema. "Silali kwanza."

Nyanchama, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kubahatisha, aliona mazungumzo yanachelewa. Aliegemeza mwavuli kwenye meza na kumnyooshea koplo viganja vyake viwili. "Mimi naosha mtoto," alisema. "Mimi nafunga shuka. Hii mikono. Yeye nakufa, hii iko hai. Andika."

"Naandika, nyanya," Akong'o alisema. "Nitakuandika na wewe."

"Nipe mimi fomu," Mokeira alisema. "Nitaandika mwenyewe."

Alikuwa na mwandiko wa ofisi, herufi zilizosimama wima, zisizoingiliana. Aliandika jina lake, nambari ya kitambulisho, kijiji, kazi. Aliandika kwamba amezaa watoto wawili akawapa jina moja. Aliandika: Wa kwanza, Valentine Bitutu Ochoki, alizaliwa tarehe 14 Februari 2007. Kisha kalamu ikasimama. Neno lililofuata alikuwa ameliandikia watoto wa watu wengine mara nyingi kuliko angeweza kukumbuka, na halikuwahi kumchukua zaidi ya sekunde moja.

Valentine aliinama juu ya bega lake akasoma. Aliweka kidole kwenye jina lake, jina lile lile, akakiacha hapo.

Mokeira akaandika: Alifariki tarehe 21 Oktoba 2007, akiwa na miezi minane. Amezikwa nyumbani. Mimi ni mama yake. Chini yake akaandika: Wa pili, wa jina hilo hilo, alizaliwa tarehe 9 Agosti 2011. Ana miaka kumi na minne. Yuko hapa mbele yangu.

Aliweka sahihi. Nyanchama alichovya dole gumba kwenye wino, akaligandamiza chini ya taarifa yake mwenyewe kwa nguvu mpaka Akong'o akambembeleza aliondoe. Koplo alipiga mhuri mara mbili, akatazama saa ya ukutani, akaandika: saa moja na dakika hamsini, jioni. Kisha akalifungua faili la Machogu, akatoboa zile karatasi mbili, akazifunga ndani.